Sufi ya bei rahisi iliyonitoka ghali: mambo ya kujua kabla hujaanza kuuza mito ya sufi

Tangu nianze kuposti mito ya sufi, kila wiki napata meseji: "Dada, mzigo unatoa wapi? Kilo bei gani? Inalipa?" Nimeona nijibu wote hapa kwa mara moja. Ila siwezi kuwaambia inalipa bila kuwaambia pia jinsi nilivyojiharibia jina kwenye oda yangu ya kwanza kubwa. Kosa lilikuwa langu, na sitaki wewe ulirudie.

Mimi nina fremu ndogo Mbagala. Nauza mashuka, foronya, mapazia, na wateja wangu wengi wanatoka mtandaoni. Mito ya sufi niliianza baada ya kugundua kitu kimoja: watu wanaonunua foronya nzuri wanakwenda kuvalisha mito mibovu. Mito ya sponji ya bei ya chini inabonyea baada ya muda, mteja anarudi analalamika utafikiri foronya ndo ina makosa. Nikakumbuka mto wa bibi yangu wa upande wa Muheza. Ulikuwa wa sufi, mzito kiasi, wa baridi shingoni, na ameulalia miaka na miaka. Uani kwake kuna msufi mkubwa ambao tukiwa watoto tulikuwa tunafukuzia manyoya yake yakipeperuka kiangazi.

Nikajisemea, hii ndo biashara.

ODA YA MITO 30

Nikaposti picha ya mito mitatu ya sampuli. Siku mbili hazijaisha, mama mmoja mwenye gesti Bagamoyo akaniandikia. Anataka mito 30, yote ya sufi, kwa ajili ya vyumba vyake. Tukakubaliana Sh 18,000 kwa mto, jumla Sh 540,000. Akatuma nusu, Sh 270,000, kwenye simu siku hiyohiyo.

Jamani, mtu ambaye ulizoea kuuza foronya mbili mbili, ukiona laki mbili na sabini imeingia kwa mkupuo, akili inatangulia mbele ya macho.

Nilikuwa na namba za watu wawili wa sufi. Wa kwanza, mzee wa huko Muheza, aliniambia Sh 9,000 kwa kilo, imechambuliwa na imekauka. Wa pili aliniambia Sh 4,000 kwa kilo. Unafikiri nilimchagua nani?

Mto wangu mmoja unakula gramu 800. Mito 30 ni kilo 24. Nikaagiza kilo 30 kwa yule wa elfu nne ili nibaki na akiba. Sh 120,000, na nauli ya mzigo kwenye basi Sh 15,000. Nikaenda kupokea stendi ya Magufuli nikiwa najipongeza.

Nilipofungua viroba nyumbani ndo nikaelewa bei ya elfu nne inatoka wapi. Sufi ilikuwa haijachambuliwa. Imejaa mbegu nyeusi kama pilipili manga, vipande vya maganda, na vile vigogo vya katikati ya tunda. Halafu ilikuwa msimu wa mvua, mzigo umepigwa unyevu, ukishika chini ya kiroba unahisi ubaridi.

Nilichambua siku nne mimi na mdogo wangu, pua zimeziba, macho mekundu. Tulivyomaliza na kuanika, nikapima tena. Kilo 11. Sikuamini, nikaenda kupima kwenye mizani ya duka la jirani. Kilo 11.

Piga hesabu na mimi. Sh 120,000 gawa kwa kilo 11 safi ni karibu Sh 10,900 kwa kilo. Sufi ya "elfu nne" ilikuwa ghali kuliko ya elfu tisa, na hapo sijahesabu siku nne za kazi. Sababu ni kwamba mbegu za msufi ni nzito na sufi yenyewe ni nyepesi sana. Kwenye mzigo ambao haujachambuliwa, zaidi ya nusu ya uzito unaolipia ni mbegu. Ongeza maji ya mvua juu yake.

NILICHOFANYA AMBACHO SIJIVUNII

Kilo 11 zilinitosha mito 12, nikabakiwa na kilo moja na kitu. Nilipaswa kumpigia mama wa Bagamoyo nimwambie ukweli, anipe muda. Sikupiga. Hela yake ya utangulizi nilikuwa nimeshaitumia, nyingine kwenye kitambaa na fundi, nyingine kwenye kodi ya fremu.

Nikanunua kiroba cha mabaki ya sponji kwa Sh 25,000. Mito 18 iliyobaki nikajaza sponji katikati, nikazungushia sufi kidogo juu ili mtu akibonyeza asikie ulaini. Nikashona, nikatuma Bagamoyo, mama akapokea, akamalizia hela yake. Akanishukuru kabisa na kuniombea baraka. Hiyo ndo iliniuma kuliko vyote.

Wiki ya tatu akapiga. Nikasalimia, "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba mwanangu. Hebu niambie kitu kimoja. Hii mito uliyoniletea ni sufi au ni sponji?"

Nikajiumauma. Akaniambia, "Mimi nimekulia kwenye mito ya sufi. Mto wa sufi ukiulalia unakaa ulivyouweka. Hii yako mingine inaniruka kama mpira. Nimefumua mmoja. Usinidanganye mara ya pili."

Nikamwambia ukweli wote. Kilo 30, mbegu, kodi, sponji. Alikaa kimya mpaka nikafikiri amekata simu. Kisha akasema hataki hela, anataka mito aliyolipia, na amenipa mwezi mmoja.

Nikampigia yule mzee wa Muheza. Kilo 15 kwa Sh 9,000 ni Sh 135,000. Nauli ya basi Sh 15,000. Fundi kufumua na kushona upya mito 18, Sh 18,000. Kufuata mito Bagamoyo na kuirudisha, Sh 40,000. Jumla Sh 208,000. Kwenye oda nzima nilikuwa nimejiona nina faida ya Sh 240,000. Nikabaki na Sh 32,000 kwa mito 30 na karibu miezi miwili ya presha.

Ningenunua sufi safi tangu mwanzo, baada ya kitambaa, fundi na nauli ningebaki na Sh 169,000 na heshima yangu. Hayo ndo malipo ya uongo wangu, na niliyalipa kwa hela yangu mwenyewe.

Sasa tuje kwenye mambo ya kazi. Haya yote nimejifunza baada ya hapo, mengi kutoka kwa yule mzee.

1. IJUE SUFI NI NINI

Sufi ni manyoya yanayoota ndani ya tunda la msufi, yakizunguka mbegu. Tofauti na pamba, ambayo nyuzi zake zimeshikana na mbegu, sufi inaota kwenye ukuta wa ndani wa ganda, kwa hiyo mbegu zinaachia kirahisi. Ndiyo maana sufi inaweza kuchambuliwa kwa mkono na kijiti bila kiwanda.

Kila unyoya ni kama mrija mwembamba, mtupu ndani, umejaa hewa. Kwa nje una nta ya asili. Hewa inaufanya uwe mwepesi, nta inaufanya ukatae maji. Kwa sababu unateleza na ni mfupi, haukubali kusokotwa uzi kirahisi. Ndiyo maana husikii shati la sufi, unasikia mto, godoro na makochi.

2. UKINUNUA, ULIZA MASWALI MANNE

Imechambuliwa au ina mbegu? Imekauka au imepigwa mvua? Ni ya msimu huu au imekaa stoo? Naweza kutumiwa kilo moja kwanza?

Hilo la nne ni muhimu kuliko yote. Kilo moja ya majaribio inakugharimu nauli kidogo, ila ingeniokolea mimi zaidi ya laki moja. Ikifika, ipime, ichambue, ianike siku moja, ipime tena. Ikibaki gramu 900 na kitu, huyo ni mtu wa kufanya naye kazi. Ikibaki gramu 400, bei yake halisi ni mara mbili na nusu ya aliyokutajia.

Na usimbane sana mtu mwenye sufi safi. Msufi ni mti mrefu, mingi ina miiba shinani, matawi yake yanakatika kirahisi. Kuna kijana amepanda au ametumia mti mrefu kuangua, kuna mama amepasua maganda, ameanika, amepiga kwa kijiti ndani ya tenga mpaka mbegu zikashuka chini. Ukimpunja sana, atakurudishia kwenye uzito.

3. JIFUNZE KUTAMBUA SUFI YA KWELI

Chukua kishungi, kiweke kwenye glasi ya maji. Sufi inaelea na inabaki kavu muda mrefu. Pamba ya dukani iliyosafishwa inakunywa maji na kuzama.

Jaribu kuisokota vidoleni kama unatengeneza uzi. Sufi inateleza na kuachia. Pamba inashika.

Ibonyeze kiganjani uachie. Sponji inaruka kurudi palepale. Sufi inarudi taratibu na haimalizi.

Kwa nyuzi za plastiki, zile nyeupe zinazong'aa, choma kipande kidogo sana nje ya nyumba, maji yakiwa pembeni. Plastiki inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Sufi inaungua na kuacha majivu.

4. MOTO NA VUMBI, USIFANYE MZAHA

Sufi inashika moto haraka mno. Ukiwa unachambua au unajaza, hakuna jiko la mkaa jirani, hakuna sigara, hakuna mshumaa umeme ukikatika. Mimi stoo yangu iko mbali na jiko, na mzigo hauwekwi karibu na soketi.

Vumbi lake linawasha pua na koo. Vaa barakoa, funga kichwa, fanyia kazi sehemu ambayo upepo hauvumi kwa nguvu, la sivyo mtaa mzima utageuka mweupe. Kama una pumu, mpe mtu mwingine kazi ya kujaza.

5. KITAMBAA CHA NDANI NDO SIRI YA MTO

Manyoya ya sufi ni membamba, yanatoka kwenye kitambaa chepesi kama vumbi. Mfuko wa ndani uwe wa pamba nzito iliyofumwa kwa kubana, na mishono iwe miwili. Ukiinua kitambaa kwenye mwanga ukaona vitundu vingi, hicho hakifai. Acha upande mmoja ambao fundi anaweza kufumua, maana mto wa sufi unaweza kuongezewa baada ya muda. Hiyo pia ni biashara: mimi naongeza sufi kwa wateja wa zamani, nalipwa kwa gramu.

6. MWAMBIE MTEJA UBAYA WAKE KABLA HAJAUGUNDUA

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtandaoni hata kizuri lazima kitembezwe, maana mteja hawezi kukishika. Anachoshika ni maneno yako. Kwa hiyo kila mto ninaouza nautuma na karatasi yenye haya:

Mto huu utashuka kidogo ndani ya miezi ya mwanzo. Ni kawaida ya sufi.

Usiufue wala usiuloweke. Fua foronya tu. Sufi yenyewe inakataa maji, ila unyevu ukinaswa katikati kwa muda mrefu unaleta harufu na ukungu.

Uanike juani mara kwa mara, uugeuze, uupigepige. Jua linafanya sufi ifumke tena.

Uweke mbali na moto.

Tangu nianze kutuma karatasi hiyo, malalamiko yamepungua sana. Mteja akiona mto umeshuka, hasemi "nimetapeliwa", anasema "aliniambia". Hayo ni maneno mawili tofauti kabisa kwa biashara yako.

Usiandike kwamba mto wa sufi unatibu shingo, presha au kukosa usingizi. Huna uthibitisho, na mgonjwa akikuamini utambebea mzigo gani?

7. SUFI SI SUFU

Nimeshapata mteja wa Arusha aliyekasirika kwamba mto wangu si wa manyoya ya kondoo. Aliposoma "sufi" alielewa "sufu". Maneno haya mawili yana asili moja, neno la Kiarabu la manyoya ya kondoo, lakini sufu inatoka kwa mnyama na sufi inatoka kwenye mti. Kwenye posti zangu sasa naandika waziwazi: "sufi ya mti wa msufi". Na picha ya kwanza ni tunda lililopasuka, manyoya meupe yametokeza. Picha hiyo inauza kuliko picha ya mto.

8. UNA HADITHI YA KWELI, ITUMIE

Ukikosa cha kuposti, msufi una mengi ya kweli, huna haja ya kutunga.

Msufi huuhuu ndio mti wa taifa wa Guatemala, na upo kwenye bendera ya Guinea ya Ikweta. Freetown, Sierra Leone, kulikuwa na msufi mkongwe katikati ya jiji ambao watu waliuheshimu kama alama ya nchi yao. Ulianguka kwa dhoruba mwezi wa Mei 2023 na nchi nzima ilisikitika.

Maua yake yanafunguka usiku, na popo ndio wanaokuja kunywa asali yake na kusambaza chavua. Wale popo unaowafukuza wanakusaidia kupata mzigo.

Na kabla ya sponji na plastiki, sufi ilijazwa kwenye maboya ya kuvaa ya mabaharia, kwa sababu inaweza kubeba majini uzito mkubwa mara nyingi kuliko wake. Nyingi ilitoka kisiwa cha Java. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipofika na Japani ikaiteka Java mwaka 1942, Marekani ilikosa sufi mpaka ikawatuma watoto wa shule kuokota manyoya ya mmea mwingine wa porini ili kujaza maboya. Nilipoposti hilo, watu ambao hawajawahi kuninunulia kitu walianza kushea.

9. USAFIRISHAJI

Sufi ni nyepesi lakini inakula nafasi. Kwenye basi hutozwi kwa kilo, unatozwa kwa ukubwa wa kiroba. Uliza nauli kabla hujamtajia mteja bei. Mito unaweza kuibana kwenye mfuko wa plastiki ili ichukue nafasi ndogo, ila isikae hivyo siku nyingi, na umwambie mteja aianike ikifika. Mfuko wa plastiki pia unalinda na mvua. Na kama unaweza, nunua mzigo wa kutosha kiangazi, uuhifadhi pakavu, juu ya mbao na si sakafuni. Msimu wa mvua bei inapanda na sufi inalowana.

KUHUSU YULE MAMA

Nilimpelekea mito yake 18 mwenyewe, kwa mkono wangu. Alifumua mmoja mbele yangu, akatia vidole ndani, akavuta manyoya, akayapuliza. Akaita mfanyakazi aipeleke vyumbani. Kwangu alisema tu, "Haya mwanangu, safari njema." Hakunikaribisha hata maji, na nilijua kwa nini.

Miezi mitano hakuniandikia. Nikaona basi, mteja nimempoteza, ndo adhabu yenyewe. Mwezi wa sita ikaingia meseji fupi: "Mwanangu, nahitaji mito minne. Ya sufi."

Yale maneno mawili ya mwisho nimeyasoma mara nyingi. Hakuwa na haja ya kuyaandika, maana anajua nauza nini. Aliyaandika ili nijue kwamba hajasahau.

Nikajaza gramu 800 kila mmoja, nikapima mbele ya kamera, nikamtumia video kabla sijafunga mzigo. Tangu siku ile kila oda inayozidi mito mitatu naitumia video ya mizani. Hakuna mteja aliyeniomba. Nafanya hivyo kwa ajili yangu mwenyewe, maana najua siku kodi ya fremu ikinibana tena, kiroba cha sponji bado kinauzwa palepale kwa jirani.

Kama unauza bidhaa ya kujaza, iwe mito, midoli au makochi, niambie kwenye maoni: wewe mteja wako anajuaje kilichomo ndani?